Kuing'oa Gia Iliyogandama Kwenye Krenki

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wahenga waliosema hivyo hawakuwahi kuona lori, lakini walijua siri inayotumika gerejini hadi leo: chuma hutii moto kabla ya kutii nyundo. Msomaji mwenzangu, nataka nikueleze jinsi siri hiyo inavyosaidia kuitoa gia ya taiming iliyogandama kwenye injini ya lori kuukuu la dizeli, kama vile Bedford. Kazi hii niliishuhudia likizoni, nikimshikia spana fundi mmoja wa jua kali.

Gia hii ni ya nini?

Krankshafti, au krenki kama wasemavyo mafundi, hugeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka ukawa wa kuzunguka. Mbele yake hukaa gia ndogo inayoendesha gia ya kemshafti, ile inayofungua vali. Katika injini ya mipigo minne, krenki huzunguka mara 2 kemshafti inapozunguka mara 1. Ndiyo sababu gia ya kemshafti ina meno maradufu. Zikikosana nafasi, vali hufunguka wakati usiofaa, na pistoni yaweza kuigonga vali ikapinda.

Mbona hugandama?

Tundu la gia huchongwa likiwa dogo kuliko krenki kwa sehemu ndogo sana ya milimita, ili ishike barabara. Kisha kuna kipande cha chuma kiitwacho kii, kinachozuia gia isizunguke peke yake. Ongeza kutu na oili iliyoungua kwa miaka mingi, basi hapo haisogei ng'o!

Namna ya kuitoa

Kwanza, ondoa nyaya za betri, rejeta, feni, puli na kifuniko cha mbele. Zungusha injini hadi alama za gia zote mbili zitazamane. Kama alama hazionekani, weka zako kwa patasi. Ukiruka hatua hii, utalia wakati wa kurudisha.

Pili, safisha kutu kwenye ncha ya krenki. Chuma kilichovimba pembeni kisuguliwe kwa tupa, la sivyo gia itakwama njiani.

Tatu, funga pula. Kama gia ina matundu ya bolti, tumia hayo. Kama haina, kucha za pula zishike nyuma ya mwili wa gia, si kwenye ncha za meno. Weka kipande cha chuma kati ya skrubu ya pula na krenki ili thredi za ndani zisiharibike. Kaza, lakini usipitilize.

Nne, leta moto. Panguza oili na dizeli yote kwanza, na uwe na mchanga karibu. Pasha gia pande zote, upesi, ili yenyewe ipate joto krenki ikiwa bado baridi. Tundu la milimita 40 likiongezewa joto la nyuzi 100 hupanuka kwa karibu milimita 0.05. Ni kidogo, lakini ndicho kinachotakiwa! Gia ikianza kugeuka rangi ya samawati, umeunguza ugumu wa meno yake, usiirudishe kazini.

Tano, kaza pula tena kidogo kidogo. Utasikia "tak!" Hiyo ndiyo gia imeachilia. Itoe kwa glavu nene, kisha itafute kii isianguke ndani ya sampu.

Wengine hukimbilia nyundo na mtaimbo. Pigo la nyundo huvunja meno na kuumiza beringi, nao mtaimbo hupasua ukuta wa injini, maana ni chuma cha kalibu. Krenki ya lori kuukuu haipatikani kila duka, na lori hilo ndilo karo na unga wa mwenyewe. Dakika 10 za subira ni rahisi kuliko injini nzima.

Zoezi

1. Gia ya kemshafti ina meno 56. Gia ya krenki ina mangapi?
2. Kwa nini tunapasha moto gia wala si krenki?
3. Tunga sentensi ukitumia: gandama, kaza, achilia.