KASUKU WETU WA PEMBA NA TUNDU LAKE



Wakati wa msimu, aliye juu ya mkarafuu huona mengi asiyoyaona aliye chini, na moja katika hayo ni kasuku. Wengi wetu twamjua kwa kelele zake tu, basi tumeona si vibaya kumweleza hapa.

Huyu si yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, atokaye misitu ya Kongo na kufunzwa maneno. Wetu ni mdogo, kiasi cha sentimita 22 hadi 24 toka mdomo hata mkia. Mwili ni chanikiwiti, kichwa ni cha kahawia, na jicho ni la manjano. Akitua majanini humwoni hata ukikodoa macho. Akiruka, chini ya mbawa zake hung'aa manjano, na hapo ndipo ajulikanapo. Dume na jike wafanana. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyemwandika kwanza katika vitabu vya elimu, mwaka 1854, kwa ndege wa Msumbiji. Bara huonekana toka pwani ya Kenya mpaka kaskazini-mashariki ya Afrika Kusini.

Hupenda minazi, mikuyu, mibuyu na hata mikoko. Hula matunda, mbegu na utamu wa maua. Na tusifiche, mahindi na mtama pia huvamia. Dawa yake ni watoto na debe la kupiga.

Ama kuzaa kwake, hajengi kiota cha vijiti kama kunguru. Hutafuta tundu lililokwisha kuwapo, pale tawi lilipovunjika likaoza ndani. Jike hutaga mayai meupe, mara nyingi 3, akayaatamia peke yake kiasi cha wiki 4, na dume humletea chakula. Makinda yakianguliwa hukaa humo wiki 7 au 8. Basi tundu lile ni nyumba yao kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Hapa ndipo penye neno. Kijana atakaye makinda ya kuuza hupanua tundu kwa shoka ili mkono upite. Ametwaa makinda matatu, na nyumba ameivunja: mvua yaingia, na ndege hana pa kutagia mwaka ujao. Tundu kama lile mti hulifanya kwa miaka mingi. Halipandwi kama mche.

Kwa hiyo, mwanachama akitaka kukata mkarafuu au mwembe mkongwe kwa kuni, autazame kwanza. Ukiwa na tundu na kasuku huingia na kutoka, auache, au angoje makinda yaruke. Katika mashamba ya mikarafuu ya zamani hukaa pia yule bundi mdogo wa Pemba, asiyepatikana popote duniani ila kisiwa hiki. Najua wengine hawapendi hata kumsikia, lakini naye miti hiyo hiyo ndiyo kwao.

Wachumaji wa kukodi nao waambiwe haya kabla hawajapanda.