Mpira Unarudi Nyuma: Somo Kutoka Uwanja wa Raga



Hapa Chukwani ukisema "mpira" kila mtu anaelewa mpira wa miguu. Raga wengi wetu tunaiona kwenye simu tu, na swali ninaloulizwa na vijana ni lilelile: Frateri, huu si ugomvi uliovalishwa jezi? Mkristo anajifunza nini humo?

Sitakaa sana kwenye hilo. Mt. Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba akili nayo huchoka kama mwili, na kwamba kuna fadhila ya kucheza kwa kiasi (Summa Theologiae, II-II, swali la 168). Kwa hiyo tusiulize mchezo una nguvu kiasi gani, tuulize nguvu hizo zina mipaka au hazina. Raga inayo. Huruhusiwi kumkaba mtu juu ya mabega, wala kumkaba asiye na mpira. Ugomvi wa mtaani hauna sheria hizo.

Zinazonigusa zaidi ni sheria mbili nyingine.

Ya kwanza: pasi ya mkono haiendi mbele. Kukimbia mbele ruksa, kupiga teke mbele ruksa, lakini ukitoa pasi kwa mikono lazima iende pembeni au nyuma. Yaani timu inasonga mbele kwa kumpa mpira aliye nyuma. Ukikimbia peke yako hadi ukawaacha wenzako wote mbali, hata kama una mbio kama upepo, ukizuiwa huna wa kumpa.

Ya pili: ukikabwa ukaanguka, uachie mpira papo hapo. Ukiung'ang'ania, ni penalti. Ukishauachia, wenzako wanafika mbio, wanasimama juu yako na kuwasukuma wapinzani ili mpira ubaki kwenu. Aliye chini hajiokoi. Anachotakiwa ni kuachia, na kutumaini kwamba kuna mtu anakuja.

Majirani zetu Kenya wanaujua vizuri mchezo huu. Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, timu yao ya wachezaji saba chini ya kocha Benjamin Ayimba iliifunga Fiji 30-7 katika fainali, na kutwaa ubingwa wao wa kwanza katika mashindano ya mfululizo wa dunia. Collins Injera, nyota wa kikosi kile, alitoka klabu ya Nairobi inayoitwa Mwamba. Jina hilo Mkatoliki halipiti hivihivi! Petro wetu naye alianguka, tena vibaya. Lakini soma Luka 22:31-34: kabla hajaanguka, Yesu alikuwa ameshamwombea, na alimwachia kazi ya kuwaimarisha ndugu zake atakapokuwa ameongoka. Aliyeinuliwa anarudi kwa walio nyuma.

Na Fiji waliofungwa siku ile? Agosti mwaka huohuo, Rio, waliifunga Uingereza 43-7 na kupata medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yao. Kisha wakasimama duara, wakaimba wimbo wa dini.

Huko kusini magharibi mwa Ufaransa, Larrivière-Saint-Savin, kuna kikanisa cha Bikira Maria wa Raga. Padre Michel Devert alikianzisha baada ya wachezaji watatu wa timu ya Dax kufa katika ajali ya gari mwaka 1964. Wachezaji huacha jezi zao humo. Hata aliyekufa wenzake hawamwachi, wanamwombea.

Sasa turudi kwetu. Sisi Wakatoliki wa Unguja ni wachache, na vijana wengi tumevuka bahari kufuata kazi: hoteli, ujenzi, biashara ndogondogo. Mwenzetu anapangiwa zamu Dominika. Wiki ya kwanza anaaga. Ya pili anaona aibu kuaga tena. Ya tatu hakuna anayeuliza. Jina lake bado liko kwenye kundi letu la WhatsApp, basi tunadhani yupo. Kwaya inaendelea, mashindano ya vijana yanaendelea, sisi tunakimbia mbele na mpira mkononi.

Soma Marko 2:1-12 polepole. Watu wanne wanampandisha mwenzao juu ya dari. Marko anasema Yesu aliiona imani yao, yaani hata ya wale waliombeba, ndipo akamsamehe dhambi yule aliyelala.

Kazi ya wiki hii: fungua orodha ya kundi lenu, tafuta jina moja ambalo hujaliona Misani tangu Pasaka. Piga simu, usitume ujumbe. Usianze na "mbona umepotea?" Muulize zamu yake inaisha saa ngapi. Misa ya Jumamosi jioni inatimiza amri ya Dominika (Sheria za Kanisa, kanuni 1248), kwa hiyo kama Jumapili haiwezekani, pangeni nauli ya daladala mwende pamoja Jumamosi. Akitaka kuungama kwanza, mfike mapema kidogo mumpate Padre kabla ya Misa.