Mjengo wa Kayole na Gamba la Chaza

Nilizaliwa Jericho, huku Eastlands ya Nairobi, nikasomea bahari, na kazi yangu sasa iko Pwani. Napima maji na kuchunguza afya ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo: chaza, kome, kaa, kamba, pweza, matumbawe na jamaa zao. Kila nikirudi Eastlands kuwaona wazazi, majirani hunikalisha kibarazani na maswali. Safari hii niliyaandika.

Daktari, tunasikia bahari inageuka asidi. Mtu akienda kuogelea Mombasa hatachubuka?

Hatachubuka, mama. Kwenye kipimo cha pH, maji yasiyo asidi wala magadi husimama kwenye 7. Kabla ya viwanda kuenea duniani, maji ya juu ya bahari yalikuwa karibu 8.2. Leo ni karibu 8.1. Bado yako upande wa magadi, ila yanateremka kuelekea upande wa pili, na huo mteremko ndio tunaouita kuongezeka kwa asidi baharini.

Najua 0.1 inasikika kama si kitu. Lakini katika kipimo hiki kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo badiliko hilo dogo lina maana kwamba ayoni za haidrojeni, zile zinazoleta ukali wa asidi, zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Muulize muuguzi yeyote: damu ya binadamu hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Ikiteremka kwa 0.2 tu, mgonjwa hakawii kulazwa. Mnyama wa baharini naye ana mwili unaotaka kipimo chake.

Hiyo asidi inatoka wapi? Kuna watu wanamwaga kemikali?

Hapana, inatoka hewani. Fungua chupa ya soda: hewa inayofanya *tsss* ni hewa ukaa, ile ile inayotoka kwenye moshi wa matatu, viwanda na makaa ya mawe. Ukiishindilia kwenye maji hugeuka asidi hafifu, ndiyo sababu soda huuma ulimi. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa kulikuwa na karibu 280 za hewa ukaa. Sasa zimepita 420. Bahari humeza karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa kila mwaka. Isingemeza, joto tunalolilalamikia lingekuwa kali zaidi.

Huko majini, haidrojeni inayozaliwa hunyakua kaboneti. Na kaboneti ndiyo tofali la kila mjenzi wa baharini. Akiiunganisha na kalsiamu anapata chokaa, yaani gamba la chaza au mifupa ya matumbawe. Kalsiamu baharini ni tele. Kinachopungua ni kaboneti.

(Mwanafunzi wa Umoja) Kwa hivyo magamba yanayeyuka kama ganda la yai kwenye siki?

Mwanangu, fanya jaribio hilo nyumbani. Tumbukiza yai bichi kwenye gilasi ya siki jioni. Utaona vipovu, na baada ya siku moja au mbili utabaki na yai laini lililoshikwa na utando tu. Vipovu hivyo ni hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya chokaa. Ila siki ni asidi kamili, bahari siyo. Karibu na ncha za dunia, ambako maji ni baridi na hushika hewa ukaa nyingi, wanasayansi waliripoti mwaka 2012 kwamba magamba ya konokono wadogo wanaoelea katika Bahari ya Kusini yalikuwa yameanza kuliwa na maji, wenyewe wakiwa hai. Kwenye maji yetu ya joto shida inaanzia kwingine. Inaanzia kwenye gharama ya kujenga.

Wafugaji wa kuku wa mayai huku Kayole na Njiru wananielewa. Kuku aliyekosa chokaa kwenye chakula haachi kutaga siku hiyo hiyo. Huchota madini kwenye mifupa yake mwenyewe, anataga, miguu inalegea, na baadaye ndipo unaokota yai lenye ganda laini. Ukiliona yai hilo, ujue ugonjwa ulianza zamani mwilini mwa kuku.

Ndivyo ilivyo kwa chaza. Gamba hujengwa katika nafasi nyembamba kati ya mwili na gamba lenyewe, na ili chokaa igande hapo, lazima mnyama asukume haidrojeni nje. Maji ya nje yakiwa na haidrojeni nyingi, kazi hiyo ni kama kusukuma mkokoteni wa maji kupanda mlima. Mkokoteni unaweza kufika, lakini aliyesukuma amechoka. Nguvu aliyoitumia ilikuwa ya kukua, ya kutaga mayai, ya kupigana na magonjwa. Kome waliowekwa kwenye maji ya namna hii maabara walionekana kuwa na chembe za damu zisizomeza vijidudu vizuri kama kawaida, na nyuzi wanazojifungia mwambani zilikuwa dhaifu zaidi. Ukimtazama kwa nje, kome huyo ni mzima.

Wanaoumia mapema zaidi ni wachanga. Chaza akishatoka kwenye yai huwa na siku mbili hivi za kujenga gamba lake la kwanza, na katika muda huo bado hajaweza kujilisha. Anajenga kwa akiba aliyoachiwa na mama yake ndani ya yai. Maji yakimlazimisha kulipa zaidi, akiba inakwisha kabla hajala mlo wake wa kwanza. Chaza mkubwa wa mahali pale pale unaweza kumkuta anaendelea na maisha, huku kizazi kizima kikipotea bila mtu kuona mzoga hata mmoja.

Hili lilitokea kweli. Mwaka 2007 na 2008, kituo cha kuzalisha chaza cha Whiskey Creek huko Oregon, Marekani, kilipoteza wachanga kwa mamilioni. Kwanza walidhani ni bakteria. Kumbe upepo ulikuwa unavuta maji ya kilindini, yenye hewa ukaa nyingi, hadi kwenye mabomba yao. Dawa waliyoitumia itawashangaza akina mama wapika githeri: walitia maji hayo sodiamu kaboneti, jamaa wa karibu wa magadi yetu ya Ziwa Magadi yanayolainisha maharagwe. Uzalishaji ukarudi.

Basi tumwage magadi baharini!

Kituo kina matangi. Bahari haina tangi. Kuna wanaochunguza njia ya kuongeza madini kama hayo baharini, lakini kiasi kinachohitajika ni cha milima kwa milima, na kuchimba na kusafirisha milima hiyo nako kunatoa moshi.

(Fundi wa mjengo, Kayole) Sisi tuko karibu kilomita 500 kutoka baharini. Hayo yanatuhusu vipi?

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi. Wewe unashika bahari kila siku kwa mikono yako.

Kaskazini ya Mombasa, pale Bamburi, kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya matumbawe ya kale. Mwamba ule ulijengwa na wanyama wadogo laini wasio na uti wa mgongo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Machimbo yaliyoachwa yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na leo ni bustani ya Haller, ambako watoto wa shule hupelekwa kuona kobe na viboko. Sehemu ya saruji iliyosimamisha Nairobi ilitokana na mwamba huo. Nyingine hutokana na mawe ya chokaa ya bara, kama ya Kajiado.

Sasa angalia kinachotokea tanuruni. Jiwe la chokaa likichomwa huachia hewa ukaa, kilo 440 kwa kila tani ya jiwe safi, kabla hata hujahesabu moshi wa kuni au makaa yaliyolichoma. Ni vile vipovu vya yai kwenye siki, ila kwa ukubwa wa kiwanda. Duniani kote, saruji hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa ya binadamu. Tumbawe alichukua maelfu ya miaka kuifunga kaboni ndani ya jiwe. Sisi tunaifungua kwa siku moja, na sehemu yake inarudi baharini kumnyang'anya kaboneti mjukuu wake.

Sisemi msijenge. Watu wa Eastlands wanahitaji nyumba, na Kenya nzima hutoa chini ya asilimia 0.1 ya hewa ukaa ya dunia. Umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Mzigo mkubwa ni wa nchi zilizotajirika kwa makaa na mafuta, na nasema hivyo bila kuuma maneno. Ila saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano huhitaji chokaa kidogo zaidi iliyochomwa, na mawe ya volkano Kenya hayatupungukii. Kwa kazi ya kupiga lipu na kujenga kuta, uliza aina hiyo dukani.

Na tuna njia ya pili ya kufika baharini: mto. Maji machafu yanayopita Gikomba, Kariobangi na Dandora huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki humwaga karibu na Malindi. Wekundu wa maji unaoonekana kule ni udongo wa mashamba hasa, na umewafukia matumbawe wengi. Uchafu wa vyoo na mbolea unaofika mdomoni mwa mto nao huoza, na kuoza hutoa hewa ukaa ndani ya maji yenyewe. Pahali kama hapo asidi hupanda kwa sababu za nyumbani, na hizo tunaweza kuzirekebisha sisi wenyewe.

Wanyama wote wanaumia sawasawa?

Hapana. Kaa na kamba wana matamvua ya kupumulia yanayosawazisha damu vizuri, na kuna aina za kaa zilizojenga gamba nene zaidi maabara. Viti vya pweza, yaani nyota wa baharini, na wanyama wale wa miiba mirefu wanaotuchoma miguu ni wanyonge zaidi. Matumbawe yana mzigo maradufu, kwa kuwa joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na yaliyobaki yanajijenga upya kwa tofali adimu.

Je, chaza na kamba wa sasa ni salama kuliwa?

Kwa upande wa asidi hii, ndiyo. Ogopa zaidi maji taka mahali walipovuliwa.

Kuna mahali popote bahari inapojitetea?

Kuna, na si mbali. Katika ghuba ya Chwaka, Unguja, mwanasayansi Sware Semesi na wenzake walipima nyasi za baharini. Mchana nyasi hunyonya hewa ukaa kutoka majini, pH inapanda, na mwani wenye chokaa uliokaa kati ya nyasi hizo ulijenga chokaa kwa kasi kubwa zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Nyasi kama hizo tunazo Gazi, Diani, Watamu na Lamu, na kila wavu unaoburutwa chini huzing'oa. Ni kivuli cha mahali padogo, hakifuniki bahari nzima. Jua likizama nyasi huacha kunyonya, viumbe vyote vinaendelea kupumua, na pH huteremka hadi alfajiri. Chaza mchanga aliyetoka kwenye yai usiku huo anaanza kujenga katika saa hizo hizo.