Haki katika Mashindano ya Shule Ndogo na Kubwa

Madhumuni
Somo hili linakusudia kumwezesha mwalimu mwanachuo kupanga mashindano yanayopima juhudi, si wingi wa watoto.

Tatizo
Mashindano ya UMITASHUMTA huanzia shuleni, yakapanda hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Katika wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka wilaya ya Rufiji, shule za kando ya barabara kuu iendayo Lindi hukutana na shule za delta, ambako njia ni mito iliyozungukwa na mikoko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule moja ina wavulana 240 wanaofaa kucheza kandanda. Nyingine ina 30. Ya kwanza huchagua mchezaji 1 kati ya takriban 22. Ya pili hulazimika kuchukua zaidi ya theluthi moja ya wavulana wake. Mtoto wa shule ndogo akishindwa kila mwaka, huamini kuwa mazoezi hayana faida, akauacha uwanja.

Hatua za kufuata
1. Tugawe makundi kwa idadi ya wanafunzi. Vyama vingi vya michezo ya shule za sekondari nchini Marekani hufanya hivyo. Katika kata, shule ndogo mbili zaweza pia kuunda timu moja.

2. Tutumie wastani. Darasa la Tano zima liruke chini, kisha jumla igawanywe kwa idadi ya watoto. Watoto 20 wakiruka jumla ya sentimita 5,200, wastani ni 260. Watoto 60 wakiruka 15,000, wastani ni 250. Shule ndogo imeshinda, na Hesabu zimefundishwa.

3. Tupange tarehe kwa kufuata maji. Tuwaulize manahodha habari za bamvua na maji mafu. Watoto wa delta wafike jana yake, wapumzike.

Tahadhari
Tutangaze wastani wa darasa tu, ili mtoto dhaifu asiaibishwe. Njia hizi ni za michezo ya shule na kata. Uteuzi wa timu ya wilaya ufuate kanuni zilizowekwa.

Zoezi
Orodhesha shule tano za kata unayoifahamu na idadi ya wanafunzi wake. Panga ratiba ya siku moja ambayo kila shule ina tumaini la kushinda. Eleza sababu zako.