Stoo ya Mabati Iwe Banda la Kuku: Mbinu kwa Mfugaji wa Mulongo

Mwenye stoo ya mabati iliyobaki tupu uani tayari ana nusu ya banda la kuku. Mchwa hawali bati, panya halitoboi, utitiri na papasi hawapati nyufa nyingi za kujificha kama kwenye udongo na matete, na mlango wake unapokea kufuli. Kasoro yake ni moja, lakini ni ile inayoua: stoo ilijengwa ili ifunge, na kuku anahitaji nyumba inayopumua.

Jambo hili lina uzito zaidi Mulongo kuliko Kamina. Mji wa Kamina uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi. Mulongo uko chini katika bonde la mto Lualaba, penye joto na unyevu. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 na hautoki jasho. Anachoweza ni kuhema na kuinua mabawa. Ndani ya bati lililofungwa, mchana wa Oktoba, hata hilo halimsaidii.

Anza na historia ya stoo

Jiulize kwanza ilihifadhi nini. Kama ilikuwa ya dawa za kuulia wadudu au mbegu zilizopakwa dawa, iache na utafute nyingine. Kama ilikuwa ya samaki wa chumvi, komba udongo wa juu wa sakafu ukautupe mbali, kisha osha kuta. Kuku hudonoa punje za chumvi, na chumvi nyingi ni sumu kwake.

Tazama pia mahali iliposimama. Ikiwa inabebeka, iweke mbali na maji yanayopanda wakati wa masika, na uielekeze ili kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Hapo jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi tu. Inua sakafu kwa mawe na udongo walau sentimita 30, kisha panga matofali ya kuchoma juu yake. Sakafu ya namna hiyo hufagiliwa vizuri, na mnyama hachimbi akapita chini.

Kata, lakini kaza kwanza

Katika stoo nyingi bati ndilo linaloshikilia fremu isiyumbe. Ukilikata ovyo, upepo wa mvua utaiangusha. Kwa hiyo pigilia kwanza mbao za mshazari kwenye pembe zote. Kisha, kwenye kuta mbili ndefu, acha bati la chini lenye kimo cha sentimita 80 na uondoe lote lililo juu yake hadi karibu na paa. Usiogope uwazi huo. Hewa chafu ya kinyesi na joto vitatoka upande mmoja, hewa safi itaingia upande wa pili.

Tumia mkasi wa bati na uvae glavu. Usikate kwa moto, maana moshi wa zinki huleta homa na kifua. Kunja kila ukingo uliokatwa usije ukachana miguu ya kuku au mikono ya watoto. Bati uliloondoa lina kazi: lirefushie paa, upenu utokeze walau sentimita 60, mvua ya upepo isiingie.

Funga uwazi kwa waya

Nyavu za kuku zenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke, lakini hazimzuii nyoka wala kicheche. Tafuta waya wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.3, nao upigiliwe kwa nje na kubanwa na mbao. Wavu wa zamani wa uvuvi, unaopatikana kwa urahisi kando ya mto, usiufanye ukuta: panya na nguchiro wanautafuna. Uutandaze juu ya uwanja wa nje, uwakinge vifaranga na mwewe.

Tuliza paa

Bati la paa huchoma mchana na hutoa matone ya jasho alfajiri. Dawa ya yote mawili ni nyasi. Tandika fito juu ya bati, kisha ezeka nyasi nene kiasi cha sentimita 15. Kama banda liko karibu na jiko, usiweke nyasi kwa sababu ya cheche. Badala yake, paka paa chokaa nyeupe kila mwanzo wa kiangazi na upande mti wa kivuli upande wa magharibi.

Panga ndani kwa hesabu

Chukua stoo ya mita 3 kwa 4. Hizo ni mita 12 za mraba. Katika joto letu, weka kuku 3 kwa kila mita ya mraba, yaani 36. Kila kuku anahitaji sentimita 20 za fito ya kulalia, kwa hiyo fito mbili za mita 4 zinatosha. Ziwe za mti laini usio na magome, maana utitiri hujificha chini ya gome. Weka kiota kimoja kwa kila matetea watano, sentimita 30 kila upande, kwenye kona yenye giza. Sakafuni tandaza makapi ya mpunga au maranda, sentimita 5 hadi 10, na uondoe haraka sehemu inayolowa. Matandiko mabichi hulea vimelea vya koksidia, na kinyesi kibichi huozesha bati. Kuku hao 36 hunywa kama lita 9 za maji kwa siku ya kawaida. Siku ya joto kali wanaweza kufikisha mara mbili ya hizo.

Kabla ya kuingiza kuku

Osha banda lote, paka chokaa, liache likauke. Chanja kuku dhidi ya ugonjwa wa Newcastle kabla ya kuwachanganya, na uulize daktari wa mifugo ratiba ya kurudia, ambayo mara nyingi ni kila miezi mitatu au minne. Banda zuri haliuzuii ugonjwa huo. Likiwa na kuku wengi wasiochanjwa, huusambaza upesi.

Kisha lijaribu mwenyewe. Ingia saa nane mchana, siku ya jua kali, usimame humo kwa robo saa. Ukitamani kutoka, ongeza uwazi. Kuku wakishahamia, ingia alfajiri: macho yakiwasha kwa harufu, hewa haitoshi au kuku wamezidi. Rekebisha siku hiyohiyo, usingoje kuku wa kwanza afe.