Kufundisha Upigaji Picha za Mji Usiku na Kunyoosha Majengo Yaliyoinama

Utangulizi

Somo la picha aghalabu huwekwa pembeni vyuoni, likihesabiwa kuwa burudani ya baada ya masomo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba picha moja ya mji iliyopigwa usiku yaweza kumfundisha mwanafunzi jiometri, tabia ya nuru, na, lililo kubwa zaidi, uaminifu wa kumbukumbu.

Tumechagua Mji Mkongwe wa Zanzibar kuwa mfano wetu. Majengo yake marefu yamesongamana vichochoroni, na huko picha ya jengo si pambo tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Baada ya msiba wa namna hiyo, picha za zamani huwa miongoni mwa mashahidi wa jinsi jengo lilivyosimama. Shahidi huyo hana budi kusema kweli.

Madhumuni

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa nini jengo huonekana limeinama pichani;
(b) kukadiria mahali pa kusimama na muda wa kupokea nuru;
(c) kunyoosha picha bila kuficha kasoro ya kweli ya jengo.

Hatua ya kwanza: Chanzo cha kuinama

Mwalimu asianze na kamera. Achukue kipande cha kadibodi, akate tundu la mraba, kisha akishike mbele ya taa ya simu katika chumba chenye giza. Kadibodi ikiwa sambamba na ukuta, mraba wa nuru utatokea. Sasa aielekeze taa juu pamoja na kadibodi yake. Mraba utageuka kuwa trapeza, upande wa juu ukiwa mpana kuliko wa chini. Wanafunzi waulizwe: ni nini kilichobadilika? Ukuta haukubadilika, wala tundu. Kilichobadilika ni pembe baina yao.

Katika kamera nuru husafiri kinyume, kutoka ukutani kuingia ndani. Kwa hiyo kamera ikiinuliwa, sehemu ya juu ya jengo, ambayo iko mbali zaidi, hutokea nyembamba, na kuta hukaribiana kama miguu ya ngazi ya kupandia. Kanuni wanayopaswa kuigundua wenyewe ni hii: bapa la filamu, au la kihisio, likiwa sambamba na ukuta, mistari iliyo wima hubaki wima na sambamba.

Hatua ya pili: Hesabu ya umbali

Tuchukue filamu ya milimita 24 kwa 36 katika kamera iliyosimamishwa kwa urefu wake na kushikwa bila kuinuliwa. Nusu ya picha ni milimita 18. Basi:

Umbali = (kimo cha jengo − kimo cha kamera) × urefu wa fokasi ÷ 18.

Ikiwa jengo lina mita 20 na kamera iko mita 1.5 kutoka chini, lenzi ya milimita 28 yahitaji umbali wa takribani mita 29. Ya milimita 35, mita 36. Na ya milimita 50, zaidi ya mita 51. Nusu ya chini ya picha itajaa barabara, nayo yaweza kukatwa baadaye.

Mbele ya bustani ya Forodhani nafasi hiyo hupatikana. Vichochoroni haipatikani. Hapo pana njia tatu: kupanda kwenye roshani ya jengo linaloelekea, karibu na nusu ya kimo cha lile tunalolipiga, kutumia lenzi inayoweza kusogezwa juu huku kamera ikibaki wima, au kuinua kamera na kukubali kunyoosha baadaye. Mwanafunzi aeleze kwa nini amechagua njia moja na kuziacha nyingine.

Hatua ya tatu: Wakati wa kupiga

Wengi hungoja giza totoro, na matokeo yake ni taa zinazoelea katika weusi, wala paa halitengani na mbingu. Wakati bora ni ule ambapo taa zimewashwa nayo mbingu ingali ya buluu. Karibu na ikweta jua hutua likienda karibu moja kwa moja chini, hivyo mwangaza wa magharibi hauchelewi kwisha. Zanzibar, tangu jua kuzama hadi kufika nyuzi 6 chini ya upeo, hupita kama dakika 21 hadi 23 tu. London mwezi wa Juni muda huo huzidi dakika 40. Kwa kuwa Zanzibar jua huzama takribani kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kufuatana na majira, darasa liwe limekwisha kusimamisha vyombo kabla ya hapo.

Hatua ya nne: Kupokea nuru

Kamera iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, na usawa wake upimwe kwa pimamaji. Kwa jengo lililomulikwa, tuanze na tundu la lenzi f/8, ISO 100 na sekunde 2. Kisha sekunde 4, na sekunde 8. Kila hatua huongeza nuru maradufu, na wanafunzi walinganishe picha hizo tatu. Kitufe kisibonyezwe kwa kidole bali kwa saa ya kuchelewesha, ili kamera isitikisike. Wanaotumia filamu wakumbuke kwamba muda ukizidi sekunde moja filamu nyingi hupungukiwa na wepesi, hivyo muda huongezwa zaidi ya ule wa hesabu. Mpita njia asiyesimama hutoweka, nazo taa za gari huacha michirizi.

Hatua ya tano: Kunyoosha

Katika chumba cha giza, ubao wa karatasi chini ya mashine ya kukuzia picha huinamishwa, upande unaopokea juu ya jengo ukishushwa mbali na lenzi ili sehemu hiyo ikue. Kisha tundu la lenzi hufinywa ili picha yote iwe kali. Kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa kuivuta sehemu ya juu kwenda pembeni. Hasara yake ni kwamba kingo hukatika, hivyo nafasi iachwe mapema kandokando ya jengo. Pia uwiano huweza kuharibika: mwanafunzi apime mchana dirisha moja lililo karibu na ardhi, kimo kwa upana, kisha alilinganishe na dirisha hilo pichani.

Hatua ya sita: Mpaka wa kunyoosha

Hapa ndipo kiini cha somo. Kompyuta haijui ukuta upi umeinamishwa na kamera na upi umeinama kwa uchakavu. Mwalimu awafundishe wanafunzi kusoma utaratibu wa kosa. Kamera ikiinuliwa, mistari yote iliyo wima huelekea nukta moja: ya kushoto huinamia kulia, ya kulia huinamia kushoto, ya katikati husimama. Kamera ikilala upande, yote huinama upande mmoja. Lakini nguzo moja ikikataa kufuata jirani zake, hilo si kosa la kamera. Ni habari ya jengo.

Kwa hiyo mchana, kabla ya kupiga picha, darasa literemshe timazi kando ya ukuta kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na kuandika ukuta umeachana na uzi kwa sentimita ngapi juu na chini. Picha inyooshwe mpaka ukuta uliothibitishwa na timazi usimame, si zaidi. Ukuta mbovu uachwe na ubovu wake. Picha asilia ihifadhiwe pamoja na iliyonyooshwa, zote zikiandikwa tarehe, mahali na lenzi.

Tathmini na tahadhari

Kila kundi lilete picha mbili, asilia na iliyonyooshwa, pamoja na vipimo vya timazi, na kueleza mbele ya darasa ni kipi kilichonyooshwa na kipi kilichoachwa. Alama nyingi zitolewe kwa maelezo kuliko kwa uzuri wa picha. Wanafunzi waende kwa makundi, ruhusa ya wakuu wa mahali iombwe mapema, na majengo ya ulinzi yasipigwe picha kabisa.

Fundi mwashi hutumia timazi ili ukuta usimame. Mwanafunzi wetu ataitumia ili picha isidanganye. Na nyumba ikihitaji kutengenezwa miaka mingi baadaye, fundi atakayeishika picha hiyo ataweza kuitegemea.