Biblia Zilizochakaa Tuzifanyeje? Tujifunze kwa Wayahudi

Masomo: Nehemia 8:1–8; Yeremia 32:6–15; Luka 4:16–20



Viongozi waliniomba niandae somo hili kabla hatujaamua juu ya yale maboksi ya Biblia kuukuu yaliyoko stoo. Nimeona tuanzie kwa watu ambao wamelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka elfu mbili, yaani Wayahudi. Bwana wetu alikulia katika desturi hizo. Ukisoma Luka 4 polepole utaona jambo ambalo huwa tunaliruka: Yesu anasimama ili asome, anapewa chuo, anakifungua, anasoma, anakifunga, anamrudishia mtumishi, ndipo anaketi kufundisha. Katika sinagogi la Nazareti palikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kulipokea gombo na kulirudisha mahali pake.

Sheria yenyewe ina mzizi katika Kumbukumbu la Torati 12. Israeli waliambiwa wabomoe madhabahu za miungu ya Kanaani na kuyafuta majina yake mahali hapo. Mara baada ya agizo hilo wanaambiwa wasimtendee Bwana, Mungu wao, hivyo. Marabi wakauliza: wasitende nini? Wakajibu kwamba ni haramu kulifuta au kuliharibu Jina la Mungu lililoandikwa. Talmudi inataja majina ya Mungu ambayo hayafutwi, na hapo ndipo inapotoka heshima ya karatasi au ngozi iliyobeba majina hayo. Ndiyo maana baadhi ya Wayahudi wanaoandika kwa Kiingereza huacha herufi moja ya katikati katika neno "Mungu", ili barua ikitupwa, lisiwe Jina lililotupwa.

Kutokana na mzizi huo zilichipuka sheria nyingi za kila siku. Rabi Yosef Karo, aliyeishi Safed, Galilaya, alizikusanya katika kitabu kiitwacho Shulchan Aruch, kilichochapishwa mara ya kwanza Venice mwaka 1565. Gombo la Torati likipita, watu husimama. Hoja ya Talmudi ni nyepesi: ikiwa tunasimama mbele ya wale wanaoisoma, je, si zaidi mbele ya Torati yenyewe? Ngozi ya gombo haiguswi kwa mkono mtupu. Msomaji hufuata mstari kwa kijiti chenye umbo la mkono mdogo, mara nyingi cha fedha. Haifai kukaa kwenye benchi moja na gombo la Torati. Kitabu kitakatifu hakiwekwi sakafuni, hakirushwi, na kikianguka huokotwa na kubusiwa. Hata kupanga kuna utaratibu: Torati huweza kukaa juu ya vitabu vya Manabii, lakini Manabii hawawekwi juu ya Torati. Na kitabu hakitumiwi kwa shughuli isiyo yake, kama kujikinga jua. (Sisi tunaojipepea kwa kitabu cha nyimbo kila Julai, tumesikia.)

Wenzetu waliokulia Mombasa, Tanga au Unguja hawatashangaa. Wamewaona majirani Waislamu wakitia udhu kabla ya kuushika msahafu na kuuweka juu ya marufaa. Na si lazima kwenda mbali kuwatafuta Wayahudi Waafrika: kule Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanaosoma Torati hadi leo.

Hapa nataka kusema neno kwa wale wanaofanya zamu katika nyumba za wazee, maana tuko wengi. Ukiingia chumba cha mzee Myahudi ukakuta kitabu cha sala juu ya ile meza ya magurudumu, usikiwekee sinia la chakula juu yake, na usikae kitandani palipo kitabu hicho. Chombo cha mkojo kisikae kabisa kwenye meza hiyo. Ukilazimika kukihamisha kitabu, mwombe ruhusa, kishike kwa mikono safi, kiweke mahali pa juu, na usikifunike kifudifudi kikiwa wazi. Unaweza pia kukuta visanduku viwili vidogo vyeusi vya ngozi vyenye mikanda. Hivyo ndivyo Biblia yetu ya Kiswahili inaviita "hirizi" katika Mathayo 23:5, lakini usiwaze hirizi za waganga; ndani yake mna mistari ya Torati iliyoandikwa kwa mkono. Usivifungue wala kuvifuta kwa dawa ya kuua vijidudu. Nimeona mzee asiyesema na mtu kwa siku nyingi akimshukuru muuguzi msaidizi kwa sababu tu aliokota kitabu chake kwa heshima. Kumheshimu mgonjwa kunaanzia kwenye vitu vyake.

Sasa, kitabu kikichakaa? Hapa ndipo penye jibu tunalolitafuta. Gombo la Torati lina herufi 304,805, na likikosa hata moja halifai kusomwa kwenye ibada mpaka mwandishi alirekebishe. Likiwa halirekebishiki, Talmudi inasema lizikwe kando ya mwanazuoni wa Torati, na rabi mwingine anaongeza kwamba liwekwe ndani ya chombo cha udongo. Ushahidi wake ni somo letu la Yeremia 32, pale nabii anapoagiza hati za shamba zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Tazama alivyofikiri: hata kitabu kinachozikwa kinatafutiwa chombo kitakachokitunza. Magombo yaliyoanza kupatikana Qumran mwaka 1947, baadhi yalikuwa ndani ya mitungi.

Vitabu na karatasi nyingine zenye Jina hukusanywa kwanza mahali panapoitwa geniza, yaani ghala la kufichia, halafu huzikwa makaburini. Masinagogi mengi leo yana sanduku la kazi hiyo. Geniza inayojulikana kuliko zote ilikuwa katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, Cairo ya kale. Kwa karne nyingi watu walitumbukiza humo si Maandiko tu bali karibu kila kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania: mikataba ya ndoa, barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, hata karatasi za watoto waliokuwa wakijifunza alfabeti. Hewa kavu ya Misri ikavihifadhi.

Mwaka 1896 ndugu wawili mapacha kutoka Scotland, Agnes Lewis na Margaret Gibson, Wakristo wa Presbiteri, walirudi Cambridge na karatasi kuukuu walizozinunua safarini. Wakamwonyesha msomi Myahudi, Solomon Schechter. Akatambua kwamba karatasi moja ni ya kitabu cha Yoshua bin Sira kwa Kiebrania, lugha yake ya asili, ambayo ilikuwa imepotea kwa karne nyingi ikabaki tafsiri. (Kitabu hicho kimo katika Biblia ya ndugu zetu Wakatoliki.) Mwisho wa mwaka huo Schechter alikwenda Cairo, akaingia ndani ya vumbi lile, akaleta Cambridge vipande takriban 193,000. Kama watu wa Fustat wangesema "ni karatasi tu," tusingekuwa na kimojawapo.

Lakini Wayahudi hawa hawa hawakukiweka kitabu juu ya mtu. Siku ya Sabato, ambapo kazi nyingi zimekatazwa, Mishna inaruhusu Maandiko yaokolewe moto ukiwaka. Ila uhai wa mtu huipita Sabato yenyewe. Gombo la Torati haliuzwi ovyo, lakini Talmudi inaruhusu liuzwe ili mtu apate kujifunza Torati au kuoa. Na rabi mmoja, Rava, aliwashangaa watu wanaosimama mbele ya gombo lakini hawasimami mbele ya mtu mkubwa wa elimu. Hilo litutafakarishe sisi tunaomwacha bibi kizee asimame mlangoni akiwa na Biblia yake, na vijana wamekalia viti.

Basi tuje kwenye stoo. Mwenye jengo anataka chumba kiwe wazi kufikia mwisho wa mwezi. Kijana mmoja alisema katika kikao, kwa nia njema, "Anti, si tuziweke kwenye pipa la karatasi? Maneno yenyewe yapo kwenye simu." Mzee mmoja akajibu kwamba Biblia yake ilivuka Ziwa Tanganyika imefungwa ndani ya kitenge, nayo haiendi kwenye pipa akiwa hai. Kikao kikaahirishwa hapo.

Kijana hakukosea kila kitu. Sisi hatuko chini ya sheria ya geniza, na Paulo katika 2 Wakorintho 3 anazungumzia barua iliyoandikwa mioyoni. Hata marabi wengi wanakubali kwamba kufuta Jina kwenye skrini si sawa na kulifuta kwenye karatasi, kwa sababu pale ni mwanga unaopita. Asiulizwe mtu, basi, kama amefuta programu ya Biblia kwenye simu yake. Lakini kwa Biblia ya karatasi mimi nasimama na mzee, kwa sababu moja ya wazi. Nilifungua boksi la kwanza nikakuta, kwenye kurasa zilizo kati ya Malaki na Mathayo, tarehe za kuzaliwa watoto sita, na mbele ya majina mawili msalaba. Familia iliyokimbia bila cheti chochote inaweza kuwa na kumbukumbu hiyo peke yake duniani. Kitu kama hicho hakitoki mikononi mwetu bila mtu kukifungua.

Ninachopendekeza kwa wazee wa kanisa ni hiki. Kila Biblia ifunguliwe ukurasa kwa ukurasa. Yenye majina irudishwe kwa familia. Ikiwa wenyewe wamehama, tupige picha kurasa hizo na kuwatafuta kwa simu. Nzima zitolewe kwa wanaohitaji, maana Biblia ya Kiswahili haipatikani kirahisi mjini hapa. Zisizosomeka zizikwe. Mchungaji ataulizia uongozi wa makaburi walikolala wapendwa wetu kama wanaturuhusu kona ndogo.

Upangaji ni Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Vijana waje, na wazee wanaokumbuka Biblia ipi ilikuwa ya nani waje pia, tutawawekea viti. Nitaleta glovu na barakoa, kwa kuwa boksi la chini lililowa maji lina ukungu, na mwenye pumu asilisogelee.